Gugu Lililongojewa Lichanue

Wazungu walipoondoka kilimani Kakamega walituachia nyumba, na pamoja na nyumba wakatuachia mazoea yao. Wanaume wetu wakayavaa yote mawili bila kujipima kwanza. Mume wangu alikuwa karani aliyepandishwa cheo akawa afisa. Kabla hata hatujahamisha vitanda alikuwa ameshanunua tai ya pili, na jioni alisimama mbele ya kioo akijifunza kuifunga, amekunja uso kama mtu anayetegua bomu.

Nyumba tuliyopewa ilikuwa ya mawe, yenye paa la vigae na veranda pana, na mbele ya veranda palikuwa na kidimbwi cha saruji. Mimi nilitoka Khwisero. Kwetu maji yalikuwa ya kunywa, ya kufulia, ya kunywesha ng'ombe na ya kumwagia miche. Maji ya kukaa tu yakitazamwa sikuwa nimeyaona.

"Ni ya kupumzisha macho," mume wangu alinieleza.

Macho yake yalikuwa yamechoshwa na nini, sijui. Kutwa alishinda ofisini akipiga mihuri.

Kabla ya kuolewa nilifundisha shule ya msingi, na somo nililolipenda lilikuwa la mimea na wadudu. Nilipoolewa na afisa niliambiwa mke wa afisa hafundishi. Kwa hiyo nilikaa kwenye veranda ya mawe na binti yetu mdogo, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza kukimbia, tukitazama maji.

Juu yetu, kwenye nyumba kubwa zaidi, aliishi mkuu wa mume wangu. Kila mtu alimwita Bwana Mkubwa, na yeye aliitikia bila aibu. Alirithi nyumba ya Mzungu aliyemtangulia, akarithi na fimbo yake ya kutembelea, buti zake za mpira na, kibaya zaidi, Kiswahili chake. Huyu mtu alizaliwa na Kiswahili chetu cha bara, chenye makosa yake ambayo tumeyazoea na tunasikilizana nayo vizuri tu. Alikitupa. Akachukua Kiswahili kibovu cha Wazungu, akawa anasema "Wewe kuja hapa" na "Lete ile kitu upesi" huku akivuta maneno puani. Nilipomsikia mara ya kwanza nilidhani ana mafua.

Kidimbwi chake kilikuwa kikubwa mara nyingi kuliko chetu. Maji yalitoka kwenye chemchemi juu ya kilima, yakaingia kwake, na yakijaa yaliteremka kwa mfereji mdogo wa wazi mpaka kwetu, kisha bondeni. Maji yetu yalikuwa masalio yake. Mume wangu aliliona hilo kuwa jambo la fahari.

Baada ya mvua za masika maji yetu yalianza kubadilika. Kwanza yalikuwa madoa ya kijani pembeni, halafu madoa yakaungana, na muda si muda uso wote ukafunikwa. Mume wangu alitazama kutoka verandani akasema ni nyasi. Akamleta bwana shamba wa serikali, kijana aliyetoka chuoni, suruali imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alisimama kwenye ngazi, mikono nyuma.

"Huo ni mwani," alisema.

"Umeangalia karibu?" nilimuuliza.

"Mama, hiyo tunaijua hata kwa mbali."

Akanywa chai, akala mkate wetu wa siagi, akaenda zake. Hakuinama. Katika muda wote niliokaa kilimani sikuwahi kumwona mwanamume mwenye cheo akiinama kutazama kitu kilicho chini ya kiuno chake.

Asubuhi iliyofuata nilichukua bakuli jeupe la bati, nikachota maji ya kidimbwi pamoja na kile kijani, nikaliweka kwenye jua. Mume wangu alikuwa na kioo cha kukuzia cha kusomea ramani. Hakuwa amewahi kusoma ramani yoyote, lakini kioo alikuwa nacho, nacho nikakitumia.

Kulikuwa na vitu vitatu mle ndani. Cha kwanza kilikuwa vijani vya mviringo, vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, na kila kimoja kilining'iniza mzizi mmoja tu, mweupe, mwembamba kama uzi. Kila kijani kilikuwa mmea kamili. Havikuwa na shina wala tawi. Vilikuwa vimegandamana viwili viwili au vitatu vitatu, mama na watoto, na kila mtoto akikua anajitenga na kuanza maisha yake. Cha pili kilikuwa na majani madogo sana yaliyolaliana kama magamba ya samaki, matawi yake yamegawanyika kama unyoya, na chini yake mizizi mingi. Ukikitumbukiza majini kilipanda juu tena kikiwa kikavu, kana kwamba kimepakwa mafuta. Nilikigeuza na kukigeuza. Nilitafuta ua, nikatafuta mahali ambapo ua lingeweza kuchipukia, nikakosa. Huu ulikuwa mmea wa jamii ya kangaga, ile mimea ya msituni ambayo haitoi maua tangu dunia iumbwe. Cha tatu ndicho kilikuwa mwani, nyuzi laini za utelezi zilizokatika nilipozivuta kwa vidole. Zilikuwa chache sana. Kwa hiyo bwana shamba alikuwa sahihi kwa kiasi cha kijiko kimoja.

Jumapili hiyo tulipanda kumsalimu Bwana Mkubwa, kama tulivyotakiwa kufanya kila Jumapili baada ya ibada. Kidimbwi chake kilikuwa kimefunikwa na ule mmea wa magamba peke yake, kutoka ukingo hadi ukingo, umelala tuli kama zulia. Vile vijani vya mviringo vilikuwa vimesongwa vyote. Sasa nikajua kile cha kwetu kilitoka wapi.

"Mzee," nilimwambia kwa heshima zote, "haya majani yanafunika maji yako. Tena yanateremka kwetu. Yangeondolewa mapema, yasije yakakushinda."

Alicheka. "Ondoa? Hii ni maua, mama. Mzungu alileta kutoka ng'ambo. Mimi nangoja ichanue."

"Hayachanui, Mzee. Ni jamii ya kangaga. Hayana ua."

Alimgeukia mume wangu. "Bibi yako amesoma sana, eh?"

Mume wangu akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kutoka kooni, ambacho sikukijua. Nilikuja kukizoea baadaye, maana alikuwa nacho kwa ajili ya Bwana Mkubwa tu, kama mtu alivyo na viatu vya Jumapili. Mke wa Bwana Mkubwa, mwanamke mrefu kutoka Kabras, alikuwa akimimina chai. Aliniangalia mara moja, akaendelea kumimina. Kisha Bwana Mkubwa alichukua kipande cha mkate, akashuka hadi ukingoni, akakivunjavunja juu ya majani.

"Samaki," alitueleza. "Samaki wa dhahabu. Hapa chini iko mingi sana."

Makombo ya mkate yalikaa juu ya zulia la kijani. Hakuna kilichotoka kuyachukua. Sote tulisimama tukayatazama kwa adabu.

Nilianza na kidimbwi chetu. Si kazi ngumu, ila haitaki mtu wa kuonekana. Niligundua kwamba alasiri, upepo unaotangulia mvua unapoanza, majani yote husukumwa kwenye kona moja. Hapo ndipo pa kuyavuna. Nilikuwa na ungo wa zamani wa kupepetea mahindi; niliupitisha chini ya majani polepole, nikauinua, nikaacha maji yachuje, nikamwaga kwenye gunia. Mwanzoni niliyarundika kando ya kidimbwi, mvua ikanyesha na kuyarudisha yote majini, nikajifunza kuyapeleka mbali, chini ya migomba. Kuku waliyala kwa pupa. Nilisugua nyufa za saruji kwa brashi, maana kipande kidogo kilichobaki ufani kinatosha kuanza upya. Ilikuwa kazi ya siku kadhaa, na mwisho maji yakaonekana meusi na safi, na mawingu yakipita ndani yake. Lazima niseme yalipumzisha macho.

Lakini mfereji wa Bwana Mkubwa ulikuwa pale pale, ukiniletea vipande vipya kila mvua iliponyesha. Nilikata kipande cha wavu wa waya, ule wa madirishani wa kuzuia mbu, nikaukaza kwa mawe kwenye mdomo wa mfereji. Majani yakaanza kukwama pale. Mimi niliyatoa asubuhi na jioni. Siku moja mvua kubwa ilinyesha nikiwa sokoni Lubao, majani yakaziba wavu, maji yakarudi nyuma na kumwagika kwenye njia ya Bwana Mkubwa, yakamlowesha buti zake. Buti za mpira, tafadhali. Buti zilizotengenezwa kwa ajili ya maji.

Niliporudi nilimkuta mume wangu amepiga magoti kwenye mfereji, tai ameitupa begani, anang'oa waya.

"Bosi amekasirika," alisema.

"Na majani?"

"Majani ni majani tu, mama watoto. Wewe unataka nirudi ukarani kwa sababu ya majani?"

Nimesema kwamba wanaume wa kilimani hawakuinama. Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona mmoja wao ameinama, na ilikuwa ni ili kuyafungulia magugu njia.

Kiangazi kilipofika jua likawa kali, na ule mmea wa magamba ukaanza kugeuka. Kingo za majani zikawa za waridi, kisha zulia zima likawa jekundu kama udongo wa barabara yetu. Hiyo ni desturi yake. Jua likiuchoma au chakula kikipungua, hujigeuza hivyo. Nilikuwa nimeliona hilo kwenye bakuli langu kabla halijatokea kilimani. Bwana Mkubwa alituma tarishi nyumba hadi nyumba kutangaza kwamba maua yake yamechanua.

Tulikwenda sote. Maafisa walikuja na wake zao, na mwalimu mkuu mmoja akaja na kamera. Walisimama kuzunguka kidimbwi wakisema "Ai, ai, ai" na "Ng'ambo kuna vitu!" Bwana shamba wa suruali ya mikunjo alikuwepo, naye sasa hakusema mwani. Alisema aliwahi kusoma juu ya ua hili. Watu wazima, wenye vyeti, walisimama juani wakisifu majani yaliyounguzwa na jua. Mume wangu alisifu kuliko wote. Nilitamani ardhi ipasuke, si kwa aibu, bali iwameze wao nibaki na hewa ya kutosha.

Kiangazi hicho hicho, asubuhi moja, mtoto wetu alitumbukia.

Kwenye kidimbwi chetu majani yalikuwa yamerudi baada ya waya kung'olewa, machanga na ya kijani bado, na nilikuwa nimechoka kuyachota ilhali mfereji unayaleta upya. Zulia lilikuwa limejaa ukingo hadi ukingo, limenyooka sawa na nyasi za uani. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanika nguo. Binti yetu alitoka mlango wa mbele akimfuata kuku. Kuku alipita pembeni. Mtoto alikata katikati, juu ya lile alilodhani ni majani ya uani, kama ambavyo mtu yeyote angedhani.

Sikusikia kelele. Nilichosikia ni kuku akitatarika, na kitu fulani katika sauti yake kikanifanya nidondoshe shuka na kukimbia. Nilipofika mbele ya nyumba sikuona mtu. Kilichokuwepo ni zulia, na katikati yake mahali padogo peusi palipokuwa panajifunga. Majani yale hufanya hivyo. Ukiyapasua, yanarudiana. Niliruka pale pale penye weusi. Maji yalinifika kifuani. Nilipapasa kwa mikono yote miwili nikashika gauni, nikavuta, akatoka akiwa amefunikwa kichwa kizima kwa majani, macho, pua, mdomo. Nilimfuta kwa kiganja. Nikamlaza kifudifudi juu ya goti langu nikampiga mgongoni. Akatapika maji na majani, kisha akalia. Kilio kile sijawahi kusikia wimbo mtamu unaokikaribia.

Nilikaa ukingoni nimempakata mpaka jua likatukausha wote wawili. Majani yalitukaukia mwilini, nikawa nayabandua moja moja kutoka nywelini mwake.

Mume wangu aliporudi mchana nilimweleza. Alimchukua mtoto akambana kifuani, hilo sitamnyima. Kisha akasema, "Kwa nini hukumwangalia?"

Nilimwambia apande juu saa hiyo hiyo, amwambie Bwana Mkubwa kwamba magugu yake nusura yamwue mtoto, yaondolewe au tuzibe mfereji. Aliweka mtoto chini. Mkono ukaenda kwenye tai.

"Huu si wakati wake. Ana wageni kutoka Nairobi wiki hii. Wanakuja kuona ofisi, na watakunywa chai kwake. Nikimletea habari kama hii..."

"Habari ya mtoto wako."

"Nitatafuta nafasi."

Hakutafuta nafasi yoyote. Nilipanda mimi mwenyewe, na gauni langu bado lina madoa ya kijani. Bwana Mkubwa alikuwa verandani, miguu juu ya stuli. Alinisikiliza, maana hakuwa na la kufanya. Nilipomaliza alisema, "Pole sana. Mtoto afundishwe kutembea kwa njia."

"Mzee, nakuomba. Wageni wako wenyewe wanaweza kukanyaga pale."

"Wageni wangu wamezoea bustani, mama."

Niligeuka nikaondoka bila kuaga. Mke wake alinifuata hadi langoni. Tangu tuhamie hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu, na mimi nilikuwa nimemhesabu kama fanicha nyingine ya nyumba ile, iliyoachwa na Mzungu. Nilikosea. Alikuwa binti wa watu wanaolima miwa, na mkono alionishika nao ulikuwa mgumu.

"Mtoto anakula?" aliniuliza.

"Amekula uji."

"Mshukuru Mungu. Sikia, dada. Huyu kesho anaenda Lugari, kuangalia wale watu walipewa mashamba ya Wazungu. Atakaa huko mpaka siku ya wageni, halafu atakuja na wao pamoja. Wewe leta hizo nyungo zako. Na gunia."

"Atakasirika."

"Anakasirikanga hata kama chumvi imezidi," alisema. "Nimezoea."

Gari la Bwana Mkubwa lilipotoka tulikuwa tumeshavua viatu. Tulifunga kamba ndefu ya katani kwenye fito mbili, tukaiacha ielee juu ya maji, kila mmoja akashika upande wake, tukalivuta zulia jekundu kuelekea kona moja. Lilikuja lote kwa uzito, likijikunja. Tulichota kwa nyungo, tukajaza gunia baada ya gunia, tukayaburuta hadi kwenye migomba iliyo chini ya kidimbwi, mahali ambapo mvua haiwezi kuyarudisha. Mvua yenyewe ilitukatiza kazi mara kwa mara, maana kiangazi chetu si cha kuaminika, nasi tukajibanza chini ya kibaraza tukila viazi vitamu alivyochemsha. Alinisimulia jinsi baba yake alivyokuwa akichimba mitaro ya miwa. Hiyo ikanifanya nifikirie maji ya mvua yanateremka na nini, nikauliza ng'ombe wao wanafungwa wapi.

Walifungwa nyuma ya jikoni, juu kidogo. Mkojo na samadi yote iliteremka kila mvua ikinyesha, ikaingia kidimbwini. Bwana Mkubwa alikuwa akiyalisha magugu yake vizuri kuliko ng'ombe wenyewe. Mama yule, ambaye sasa nilimwita Mama tu, alichukua jembe akachimba mtaro wa kuipeleka samadi shambani kwenye sukuma wiki. Alichimba umenyooka kama umepigwa kamba.

Maji yalipokuwa wazi tulisubiri matope yatulie, kisha tukainama wote wawili kutazama chini. Palikuwa na chungu kilichovunjika, kiatu kimoja cha mtoto wa Kizungu, na kila mahali, tabaka juu ya tabaka, uji mweupe wa mkate uliooza. Samaki hakukuwa. Tulipapasa kwa ungo kona zote. Tulipata mifupa michache midogo, myembamba kama sindano. Zulia lilikuwa limewanyima hewa muda mrefu uliopita.

Mama aliitazama ile mifupa kwenye ungo.

"Kila asubuhi anawapatianga mkate," alisema. "Kabla hajanisalimia mimi, anasalimia samaki."

Midomo yake ilianza kutetemeka, nikafikiri atalia. Kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi, mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, na mimi nikacheka naye, miguu yetu imejaa matope, nyumba nzima ya serikali ikitutazama.

Siku ya wageni sote tuliitwa. Magari yalipanda yakiwa na vumbi la Lugari. Bwana Mkubwa alishuka wa kwanza, fimbo mkononi, akawaongoza wageni moja kwa moja kuelekea kidimbwini, akizungumza kwa sauti. Nilimsikia akisema "maua ya ng'ambo" na "samaki wa dhahabu." Kisha akafika.

Maji yalikuwa wazi, yametulia, na anga lote la Kakamega lilikuwa ndani yake.

"Maua yangu iko wapi?" alisema. Puani hakukuwa na kitu sasa. Ilikuwa sauti yake halisi, ya mtu wa kwetu aliyeshtuka.

"Nimeyatoa, Baba," mke wake alijibu kutoka verandani, sinia la vikombe mkononi.

"Na samaki?"

"Samaki walikufa zamani."

Bwana Mkubwa alikuwa ameshatoa kipande cha mkate mfukoni, nacho alikuwa amekishika. Watu wengine wangemhurumia. Mimi nilikuwa nimembeba mtoto wangu mgongoni, na sikumhurumia, na hata leo nikimkumbuka na mkate wake sipati huruma yoyote.

Ndipo mgeni mmoja, mkubwa wao, mzee mwenye mvi, aliinama. Ndiyo, aliinama, akatia kiganja majini, akasema, "Lakini mmefanya vizuri. Kule kwetu vidimbwi hivi vimekuwa mazalio ya uchafu mtupu. Hiki ni kisafi kabisa. Nani aliagiza?"

Nilimtazama Bwana Mkubwa. Ilimchukua muda mfupi mno. Mkate ulirudi mfukoni, kifua kikajaa, maneno yakaanza tena kupita puani.

"Mimi," alisema. "Mimi naagiza ile kitu yote iondoke. Hatari kwa watoto."

Maafisa wakatikisa vichwa kukubali. Bwana shamba akasema daima aliona mmea ule una hatari. Mume wangu akatoa kile kicheko chake cha Jumapili. Mama alipita na sinia, akanipa kikombe, na tulikwepa kutazamana kwa sababu tungeangusha vyombo.

Jioni mume wangu aliitwa pembeni akaambiwa aniombee radhi kwa kuingia kwenye mali ya watu, naye akaniombea. Nililipata hilo kwa Mama, si kwake. Lakini Bwana Mkubwa alikuwa amejifunga kwa ulimi wake. Baada ya kutangaza mbele ya wageni kwamba usafi ulikuwa agizo lake, hakuweza kutukataza. Waya ulirudi kwenye mfereji. Kila Jumamosi Mama na mimi tulizunguka vidimbwi vyote viwili, tukikagua nyufa na chini ya vijiwe, maana kitu hiki hakimalizwi, huchungwa tu. Tulikuta kipande hapa, vijani viwili pale, tukavitoa kwa kidole. Vile vya mviringo tuliviachia kona moja ya kwetu kwa ajili ya kuku, tukivizungushia kamba visitawanyike. Sumu hatukutia. Mume wangu alipendekeza mafuta ya taa, nikamwambia ayanywe.

Ukingo wa kidimbwi chetu niliuzungushia fito na waya wa kuku, mrefu kiasi cha kifua cha mtoto. Bwana Mkubwa alisema kwamba uzio ule unaharibu sura ya kilima. Haukuondolewa.

Jumamosi moja mwalimu mkuu aliyekuwa na kamera siku ile ya maua alipita akatukuta tumeinama. Akauliza tunatafuta nini. Nilimwonyesha kwenye bakuli jeupe, nikamweleza hiki ni kipi na kile ni kipi, na kwa nini hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichopaswa kukipiga picha. Aliona haya, jambo lililonishangaza, kwa kuwa kilimani haya ilikuwa bidhaa adimu. Akaniambia shuleni kwake hana mwalimu wa somo la mimea.

Mume wangu alisema mke wa afisa hafundishi. Nikamuuliza mke wa afisa hufanya nini. Mkono wake ukaenda kwenye tai.

Shule zilipofunguliwa nilirudi darasani, na mtoto nikamwachia Mama asubuhi, akacheza kwake kati ya sukuma wiki. Mume wangu aliwaambia wenzake ofisini kwamba ameamua kuniruhusu. Nilimwacha aseme. Nilikuwa na madaftari mengi ya kusahihisha.